Mwaka Niliopima Nyuki

Tulimzika Mbithe Alhamisi, kwenye mteremko ulio chini ya Mukuyuni, katika shamba ambalo mimi niliishi mwaka mmoja tu lakini ninalikumbuka mti kwa mti. Baada ya mahubiri, mumewe, Mutinda, aliinua mkono kutoka kwenye kiti chake cha plastiki akaniashiria niseme neno. Sikuwa jamaa. Wengi pale walinijua kama yule msichana wa mashine za nyuki, na wasionijua waliambiwa hivyo hivyo kwa kunong'onezwa. Nikasimama, nikasema kwamba Mbithe alinilisha mwaka mzima na hata siku moja hakuniuliza kama nimeshiba, kwa sababu aliangalia sahani yangu, hakuangalia uso wangu. Watu wakacheka vizuri, kama wanavyocheka matangani mtu anapomsema marehemu kwa ukweli. Nikakaa. Lakini hilo silo nililotaka kusema. Nililotaka kusema halikutosha kwenye dakika mbili nilizopewa, tena lilihitaji ruhusa yake, na ruhusa hiyo alinipa zamani mwenyewe. "Siku moja uandike," aliniambia, "lakini ungoje kwanza nisiwepo." Kwa hivyo naandika.

Nilifika kwao mwezi wa kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina diploma ya elektroniki, na nilikuwa nawaogopa nyuki. Kampuni ndogo ya Nairobi ilikuwa imeniajiri kufunga vifaa kwenye mizinga kumi na miwili ya Mutinda na kuvitunza kwa mwaka mmoja. Chini ya kila mzinga palikaa mzani. Ndani, kati ya masega, palipita waya mwembamba wa kupima joto na kinasa sauti kidogo kama punje ya mbaazi. Juu ya nguzo palikuwa na sola na kisanduku chenye laini ya simu, na kila baada ya robo saa kisanduku kilituma habari zote kwenye kompyuta ya kampuni na kwenye simu yangu. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lisilofunga sawasawa, na ukuta mmoja wa mabati uliokitenga na jikoni. Kupitia mabati hayo nilisikia maisha yote ya nyumba ile: kuni zikivunjwa, redio ya kwaya, Mbithe akiongea na kuku, na mazungumzo ambayo watu husema wakidhani sufuria peke yake ndiyo inayosikia.

Mazungumzo yao yalikuwa ya Kikamba, na yangu pia, ingawa walinicheka kwa sababu mimi natoka Kitui na tunayavuta maneno tofauti na wao. Mbithe nilimwita mwaitu, yaani mama, kama inavyopasa. Mutinda nilimwita Baba Ndanu, kwa jina la binti yao aliyekuwa shule ya bweni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mbishi wa kimya kimya. Siku ya kwanza alizunguka nguzo yangu mara mbili akauliza, "Sasa hii inajua nini ambacho mimi sijui?" Nikamwambia inajua uzito wa nyuki. Akagonga nguzo kwa kidole. "Nani aliuliza uzito wa nyuki?" Lakini jioni ile alikuja mlangoni kwangu, akasimama nje kwa adabu, akasema, "Hebu nionyeshe huo uzito."

Nikamwonyesha mchoro kwenye simu. Ulikuwa mstari mmoja unaopanda na kushuka, na siku chache za kwanza mimi mwenyewe sikuuelewa. Kila siku kuanzia saa moja asubuhi mzinga ulipungua uzito, karibu nusu kilo, halafu kuanzia alasiri ukaanza kurudi, na kufikia giza ulikuwa umezidi kidogo ulivyokuwa jana yake. Nilidhani mzani una kasoro. Mutinda ndiye aliyenifafanulia, akicheka, kidole chake kikubwa kikiuzima uso wa simu kila alipougusa. "Hao ni vibarua. Wametoka kazini. Jioni wanarudi na mizigo." Nilishangaa mpaka nikakaa chini. Nilikuwa nimejifunza mizani kwa betri na vyuma, na sasa nilikuwa nikiona kundi la wadudu likienda kazini na kurudi nyumbani, limeandikwa kwa mstari. Tangu siku hiyo tukawa na desturi yetu. Baada ya chakula cha jioni, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na mbaazi au ugali na sukumawiki, Mutinda alisogeza kiti chake karibu na changu, tukasoma mizinga mmoja mmoja. Mbithe aliosha vyombo. Tulipomwita aje kuona alisema, "Mimi nyuki nawaona kwa mbali," na sikumfikiria zaidi ya hapo. Alikuwa na miembe yake.

Miembe ile lazima niieleze. Ilikuwa ya kupandikizwa, mifupi, imepangwa mistari upande wa chini wa shamba, na ilikuwa mali yake kabisa. Mutinda hakuwa na neno juu yake. Karo ya Ndanu ilitoka hapo. Msimu uliotangulia mnunuzi kutoka barabara ya Mombasa alikata maembe matatu mbele yake, akakuta funza ndani ya mawili, akawasha lori akaondoka, na maembe yakaozea chini mpaka ng'ombe wakayachoka. Nilisikia habari hiyo mara nyingi kupitia mabati. Alimsimulia jirani, alimsimulia dada yake kwa simu, na kila mara alimaliza kwa maneno yale yale: "Lori lilikuwa nusu. Kulikuwa na nafasi."

Miezi sita mizinga yangu ilikuwa mizima. Nikavaa ovaroli na neti, nikajifunza kufukiza moshi, nikadungwa, nikavimba, nikazoea. Kisha mwezi wa saba miembe ya eneo zima ikatoa maua, na mteremko wote ukanukia utamu kidogo wenye ukali. Nilitegemea mistari yangu ipande kwa furaha. Badala yake, Jumatano moja, mzinga wa nne ulipungua uzito asubuhi kama kawaida na jioni haukurudi. Nikaangalia nyaya. Nikabadilisha betri. Kesho yake mstari ulikuwa pale pale chini. Wiki iliyofuata ikawa mizinga mitatu. Tulifungua mmoja. Asali ilikuwepo, malkia alikuwepo, majana, watoto wa nyuki, walikuwa wamelala kwenye vijumba vyao wakingoja kulishwa, lakini nyuki wakubwa walikuwa wachache mno, wakitembea juu ya sega kama watu waliobaki kwenye soko lililokwisha kufungwa. Hapakuwa na mizoga ndani. Hapakuwa na siafu wala nyegere. Walitoka tu na hawakurudi.

"Ni busta," Mutinda akasema, na akaelekeza kidevu kwenye mnara wa simu uliosimama kilimani tangu mwaka uliotangulia. Hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Sokoni ndiyo ilikuwa lugha ya wafugaji wote. Nikampinga, naye akanipinga, mpaka mimi nikapendekeza jambo ambalo leo bado najivunia kidogo. Nikasema tuchukue mzinga mmoja wenye nguvu tuupeleke chini ya mnara wenyewe, tuone. Akafikiri usiku kucha, asubuhi akakubali. Tuliubeba jioni nyuki wakiwa wamelala, mlango umezibwa kwa matambara, tukapanda ile njia ya mawe pole pole, mlinzi wa mnara akitutazama kama wendawazimu. Kila Jumamosi Mutinda alipanda peke yake kuutazama. Jumamosi ya kwanza alirudi akapita moja kwa moja zizini. Ya pili akasema, "Unanona." Alilisema kwa uchungu, kama mtu anayeripoti kwamba mtoto wa adui amefaulu mtihani. Huko juu hakukuwa na miembe, migunga tu. Mimi nilianza kuelewa kitu. Yeye hakutaka bado, kwa sababu alikuwa ameshamwandikia chifu barua ya kuulaumu mnara na siku ya baraza ilikuwa imepangwa.

Nikaanza kutembea. Nilichora duara kwenye karatasi, umbali ambao nyuki wangeweza kwenda na kurudi, nikapita boma kwa boma nikiuliza nani anapiga dawa, lini, saa ngapi. Nilipata majibu mengi kuliko nilivyotaka. Kulikuwa na watu waliokuwa wanakata migunga kuchoma makaa, na kila mgunga uliokatwa ulikuwa chakula cha nyuki kilichoondoka. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na nyuki walikunywa maji kwenye mitungi iliyooshewa pampu. Kwenye mizinga iliyodhoofika nondo walikuwa wameshaingia na kutaga. Kila nilipodhani nimepata sababu, ilikuwa na mwenzake nyuma yake. Hata hivyo hakuna mojawapo iliyoweza kuangusha mstari kwa siku moja, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, Jumatano. Jumatano kulikuwa na kitu.

Jumapili moja, wakati wa kujiandaa kwenda kanisani, nilikuwa chumbani nikifunga viatu nikamsikia Mbithe upande wa pili wa mabati akiongea na Kyalo, kijana wa pampu ya injini aliyekodishwa na karibu kila mwenye miembe. Alisema, "Jumatano uje mapema zaidi, Baba Ndanu akiwa bado anakamua. Na usipitie juu kwenye mizinga." Kyalo akauliza, "Na wale wa chini nitawafanyaje?" Mbithe akajibu, "Hao niachie mimi. Nitafagia."

Nilikaa na kiatu mkononi. Jumatano nilisema ninakwenda Mukuyuni kununua bando, nikazunguka nikatokea upande wa chini wa shamba. Dawa ilikuwa imeshapigwa, majani yalikuwa bado yanadondosha. Mbithe alikuwa ameinama chini ya miembe na ufagio wa matawi, kitambaa puani, akifagia taratibu mstari kwa mstari, kama anavyofagia uwanja kabla wageni hawajafika. Alichofagia kilikuwa nyuki. Wengine walikuwa wamekufa, wengine walizunguka kwa mgongo, miguu juu, ndimi nje. Alikuwa na karai lililojaa nusu. Aliponiona hakuruka wala hakupiga kelele. Aliegemeza ufagio kwenye mti akasema, "Umekula?"

Tulikwenda jikoni. Alinipa uji, akakaa kwenye kigoda mbele yangu, mikono magotini. Nilimuuliza tangu lini. Tangu maua yalipofunguka. Nilimuuliza kama alijua kwamba hao ni nyuki wa mume wake. "Kwani nyuki wana alama masikioni?" Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Nilijua. Siku ya kwanza sikujua. Siku ya pili nilijua." Mwenye agroveti, duka la dawa za mimea, alimwambia apige dawa maua yakiwa wazi, asubuhi, kabla upepo haujaanza, la sivyo ale funza mwenyewe. "Wewe una mashine," akaniambia. "Mashine ikiharibika, Nairobi wanakuletea nyingine. Mimi nina ile miembe. Ndanu yuko kidato cha tatu. Unataka nichague nini?" Nilikuwa msichana aliyelipwa mshahara kupima hasara ya watu wengine. Nikasema tu kwamba lazima Baba Ndanu ajue, kwa sababu baada ya wiki mbili atasimama mbele ya chifu na watu wote na kuulaumu mnara. Mbithe akasema, "Nitamwambia mwenyewe. Nipe nafasi."

Nilimpa nafasi. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nimelibeba muda mrefu kuliko diploma yangu. Nilimpa siku kumi na sita. Kila jioni Mutinda alisogeza kiti chake, tukasoma mistari inayoanguka, akaniuliza, "Unafikiri ni nini, Mumbua?" nami nikasema bado natazama. Sijawahi kusema maneno mawili yenye aibu kubwa hivyo. Katika siku hizo tulipoteza mzinga wa saba na wa tisa. Wa tisa ndio aliokuwa akiupenda, ule ambao alisema nyuki wake wana hasira nzuri. Nilimsaidia kutoa masega yake yaliyoliwa na nondo, utando mweupe kila mahali, naye alikuwa akijilaumu kwa kuuweka juani.

Siku ya baraza alivaa koti. Tulikuwa tunakunywa chai. Alikuwa amenipanga nisimame baada yake niwaonyeshe watu mistari, na mimi nilikuwa nimekaa nayo kwenye simu nikijua kwamba mistari ile ikisomwa na mtu yeyote mwenye macho itaelekeza kidole chini ya shamba lile. Mbithe alikuwa anamimina chai. Akamaliza kumimina, akaweka birika chini, akasema, "Baba Ndanu, usiende kuusema mnara. Ni mimi." Akamweleza yote akiwa amesimama, bila kulia, mpaka karai. Mutinda aliinywa chai yake yote, na chai ilikuwa moto. Kisha akaniangalia mimi, si mke wake. "Wewe ulijua?" Nikasema nilijua. "Siku ngapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa pole pole, akainuka, akaenda barazani peke yake.

Nilimfuata kwa nyuma. Watu walikuwa wengi, kwa sababu mnara ulikuwa na maadui wengi, na baadhi walikuwa na mizinga na baadhi walikuwa wanataka tu kuona nani atapigwa faini. Chifu akamwita. Mutinda akasimama mbele, akavua kofia, akasema kwamba anaiondoa barua yake. Alisema aliupeleka mzinga chini ya mnara na mzinga ukanona, kwa hivyo alikosea. Mtu mmoja akapaza sauti, "Basi ni nini kinaua nyuki wako, Mutinda?" Nikafumba macho. Nikamsikia akisema, "Ni dawa tunazopiga maua yakiwa wazi. Kwangu zinapigwa. Nimekuja kuwauliza nyinyi mnapiga saa ngapi." Hakusema zinapigwa na nani. Kukawa na kicheko, wengine wakasema mtu mzima amejichoma kwa moshi wake, na alisimama pale akakipokea chote. Kisha mzee mmoja wa kanisa, mwenye miembe mingi kuliko wote, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hupiga saa tatu. Mwingine akasema saa mbili. Chifu akaacha kuandika.

Tulirudi nyumbani saa saba. Mbithe alikuwa amepika kuku, jambo ambalo halifanyiki Ijumaa, na alikuwa amekaa mbali na meza. Mutinda akanawa, akala paja, akauliza bila kuinua uso, "Unapiga tena lini?"

"Nilikuwa nipige Jumatano."

"Lazima?"

"Kama sipigi, wale wa lori watakata embe tena."

Akaweka mfupa chini. "Nyuki wanarudi saa kumi na mbili. Pigeni baada ya hapo. Na msipige maua, ngojeni matunda yashike, halafu tutege kwa chupa wale inzi wanaoleta funza. Mumbua ana mashine ya kujua wamerudi. Atatuambia."

Matunda yaliposhika, Jumatano jioni niliketi juu ya jiwe na simu, nikingojea mstari urudi. Uliporudi nikapunga leso, na Mutinda ndiye aliyeibeba pampu mgongoni, Mbithe akimwonyesha mti upi. Kyalo alikataa kuja jioni. Alisema ana kazi zake. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha, angalau si kwa maneno yaliyopita kwenye mabati. Nilisikia tu Mbithe akisema usiku ule, "Unanyunyiza kama mtu anayemwagilia sukumawiki," na Mutinda akajibu, "Kesho unifundishe."

Meneja wangu wa Nairobi alipokuja na kompyuta yake alitaka jina la mwenye shamba liandikwe kwenye ripoti. Niliandika "shamba la karibu." Alikasirika, akasema data bila jina haina meno. Pengine alikuwa na haki. Mimi niliongeza kurasa mbili juu ya makaa, juu ya mto, juu ya nondo, juu ya mwenye agroveti anayesema watu wapige asubuhi, nikitaka aone kwamba kidole kimoja hakitoshi, na akazikata zote mbili. Mizinga kumi na miwili ilibaki mitano. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilipokuja, makundi mawili ya porini yaliingia kwenye mizinga mitupu yenyewe. Baadhi ya majirani walibadilisha saa zao. Wengine hawakubadilisha, na mpaka leo hawajabadilisha. Maembe ya Mbithe yalitoka machache mwaka ule, lakini safi, na lori lilisimama.

Wiki yangu ya mwisho, jua likielekea kuzama nyuma ya vilima vya Mbooni, nilikuwa nikifungua mzinga wa pili kutoa waya wangu, Mutinda akifukiza moshi, nikasikia nyuma yangu, "Hiyo nguo yenu ina nyingine?" Alikuwa Mbithe. Nikamvalisha ovaroli ya akiba juu ya leso, nikamfunga neti. Miaka ishirini na kitu ya ndoa, na hakuwahi kutazama ndani ya mzinga. Akasogea hatua moja, akasita, akasogea nyingine. Nikainua sega lenye majana, na hapo maswali yakaanza, moja juu ya jingine, bila kungoja jibu. Huyu mweusi ni nani? Mbona hawa wanatikisika? Malkia analala saa ngapi? Nani anawaambia kuna giza? Mengi nilishindwa kumjibu, na Mutinda pia. Kisha akaelekeza kidole chenye glavu. Kwenye kijumba kimoja kifuniko kilikuwa kinatoboka kutoka ndani. Kichwa kidogo chenye manyoya ya kijivu kilikuwa kinautafuna mlango wake, kinapumzika, kinautafuna tena.

"Funga sasa, wanapandwa na hasira," Mutinda akasema. Nyuki walikuwa wameanza kugonga neti kama mvua ya kwanza kwenye mabati. Mmoja alishampata Mbithe shingoni, nilimwona akistuka.

"Ngoja," akasema. "Huyu amebakiza mguu mmoja atoke."

Tukangoja, sote watatu.